Treni ya Saa Nne na Arobaini

JUMATANO, SAA 8:10 MCHANA

Kinyozi aligeuza kibao cha mlangoni kisomeke KIMEFUNGWA, akapita nyuma ya pazia, akamwaga njiti za kiberiti mezani.

"Hii ni reli," alisema huku akizipanga. "Hapa stesheni. Hapa kona. Hapa ghala bovu. Mnaona?"

Waliona. Chumba kilikuwa finyu, kimejaa viti vibovu vya kunyolea na ndoo za taulo, na watu wanne walilazimika kubana magoti ili meza iwatoshe. Nondo, mchomeleaji mwenye shingo ya fahali, alikalia debe. Usukani aliegemea ukuta akitafuna kucha. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeendesha malori ya mafuta miaka mingi, mpaka siku aliponyang'anywa leseni. Wa nne aliitwa Wenzo, na yeye hakuweza kutulia. Goti lake lilicheza chini ya meza, na njiti za kiberiti zikawa zinacheza nalo.

"Shemeji, mguu," alisema Kinyozi.

Wenzo akaukandamiza mguu kwa mkono. Baada ya muda mfupi mguu wa pili ukaanza.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akivuta nyenzo, wenzo mmoja baada ya mwingine, katika kibanda cha ishara, pale stesheni. Stesheni yenyewe ilijengwa kabla babu wa mtu yeyote mjini hajazaliwa: mawe ya kuchonga, matao matatu, paa la chuma juu ya nguzo zilizopambwa maua ya chuma. Wageni walikuja kuipiga picha kana kwamba imekufa. Haikuwa imekufa. Treni nne zilipita kila siku, tena kwa mitambo ileile ya kale: nyenzo kumi na nane ndani ya kibanda kirefu mwisho wa jukwaa, waya zinazotambaa kando ya reli, na mikono ya chuma juu ya milingoti. Mkono ukinyooka, simama. Ukiinama, pita. Wakubwa walishatangaza mara tatu kwamba wataing'oa mitambo hiyo, lakini haikuwahi kuharibika hata siku moja, basi wakaiacha.

"Sema wewe sasa," Kinyozi akamwambia.

Wenzo akasogeza njiti moja. "Treni ya abiria inaingia saa nne na arobaini asubuhi. Mabehewa saba. La mwisho ni la vifurushi. Mkono wa nje nikiuacha umenyooka, dereva atasimama hapa, karibu mita mia nane kabla ya stesheni. Kichwa cha treni kitakuwa huku kwenye uwazi. Mkia utakuwa nyuma ya kona, ubavuni mwa ghala. Jukwaani hawauoni. Dereva mwenyewe hauoni."

"Ndani kuna nani?"

"Karani wa vifurushi na askari mmoja. Wanafungiwa kwa nje kwa kufuli mpaka wafike."

"Na sanduku," alisema Nondo.

"Na sanduku."

Lilikuwa sanduku la chuma la kampuni ya mgodi, lina vito ambavyo havijakatwa bado. Barabarani walishavamiwa mara mbili. Mtu mmoja ofisini kwao akaona afadhali kulichanganya na magunia ya barua na baiskeli za watu kwenye treni ya kawaida, asiambiwe mtu. Karani mmoja wa ofisi hiyo alinyolewa kwa Kinyozi, akaropoka.

"Kufuli dakika mbili," alisema Nondo. "Grenda yangu haina mchezo."

"Nakupa nne. Wenzo akishapata ishara yangu anainamisha mkono, treni inaingia stesheni kama kawaida. Mpaka wafungue mlango, sisi tuko ng'ambo ya mto. Hakuna wa kuumia."

"Hakuna wa kuumia," Wenzo akarudia. Ndilo sharti alilolitoa tangu mwanzo.

"Kesho zamu ya nani?"

"Yule mgeni aliyehamishiwa juzi. Mjomba hupumzika Alhamisi."

"Basi vizuri," alisema Kinyozi, akaanza kukusanya njiti. Hakumtazama.

Pazia likasogea. Mke wa Kinyozi aliingiza chupa ya chai na vikombe, akamwona Wenzo, uso ukamchanua. Alikuwa dada yake, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kaka! Mbona umekonda hivyo? Mjomba kila siku anakuulizia. Nenda kamwone, bwana. Mtanuniana mpaka lini?"

"Nitaenda," alisema Wenzo.

Hakwenda. Mwaka juzi kiberenge cha mafundi kiliingizwa njia isiyo yake, kikagonga behewa tupu, na fundi mmoja akapoteza vidole viwili. Zamu ilikuwa ya Wenzo. Mbele ya kamati wote walibabaika, kila mtu akiilaumu mvua. Mjomba wake, mtu wa ishara mkuu, aliyemlea na kumfundisha kazi, alisimama akasema sentensi moja: "Mpwa wangu alikuwa amesinzia." Ilikuwa kweli. Wenzo alipoteza kazi, nyumba ya shirika, na baada ya miezi michache mke naye akarudi kwao. Tangu hapo usingizi ulimpa kisogo. Alitembea mjini mchana kutwa bila safari, na treni ikipiga honi, popote alipo, mikono yake ilijikunja yenyewe kushika kitu kisichokuwepo.

ALHAMISI, SAA 4:21 ASUBUHI

Jua lilikuwa limeshapamba moto. Wenzo alivaa sare yake ya zamani, shati la bluu lililomkaa kama la kuazima. Kinyozi alivaa kizibao cha mafundi, cha kung'aa, na kubeba kisanduku cha vifaa. Simu walikuwa nazo yeye na Nondo tu. Za wengine alizikusanya asubuhi, zikabaki dukani.

Walipita mwisho wa jukwaa bila haraka. Abiria walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbao wakijipepea kwa tiketi. Stesheni masta alikuwa dirishani kwake, amelipa jukwaa mgongo. Hakuna aliyewatazama. Sare ya reli ndani ya stesheni ya reli haimshangazi mtu.

"Tembea taratibu," alinong'ona Kinyozi. "Unakimbia."

"Sikimbii."

"Unakimbia, shemeji."

SAA 4:27

Ngazi za kibanda zilikuwa kumi na sita. Wenzo aligonga kwa namna yao ya zamani, mara mbili kisha moja. Mlango ukafunguliwa.

Hakuwa yule mgeni. Alikuwa Mjomba, miwani puani, kitambaa cha kushikia nyenzo begani.

Alimtazama Wenzo, na lile shati la bluu. Halafu uso wa mzee ukalegea, karibu atabasamu.

"Umekuja," alisema. "Ingia, mwanangu, ingia. Mwenzangu anaumwa, nimemshikia zamu tangu Jumatatu. Huyu fundi ni..." Akamtazama vizuri yule fundi. "Ah. Mkwe. Kulikoni?"

Kinyozi akafunga mlango kwa mgongo, akatoa bastola kwenye kisanduku cha vifaa.

"Shikamoo, Mjomba. Kaa chini."

"Ulisema Alhamisi anapumzika," alisema Wenzo. "Tangu Jumatatu, anasema. Ulijua!"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilinyamaza tu. Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi. Mfunge."

Wenzo hakusogea. Kinyozi akapiga hatua mbili na kumchapa mzee kwa kitako cha bastola juu ya sikio. Si kwa nguvu sana. Kama mtu anayepiga mlango. Miwani ikaruka, mzee akakaa sakafuni kwa uzito wake wote, damu ikaanza kutambaa shavuni. Kinyozi akachukua simu ya mzee mezani, akaivunja kwa kisigino, kisha akang'oa waya za simu ya ukutani.

"Nikimfunga mimi nitamuumiza," alisema. "Chagua."

Wenzo alimfunga mjomba wake mikono kwa kile kitambaa cha nyenzo. Alilegeza fundo kadiri alivyothubutu. Mzee hakumlaumu wala kumtukana. Alimtazama tu bila miwani, akipepesa macho, na hilo lilikuwa gumu kuliko tusi.

SAA 4:38

Treni ya abiria ilipiga honi nyuma ya kona. Wenzo alisimama mbele ya nyenzo kumi na nane, kiganja kikielea juu ya wenzo wa pili, mwekundu, ule wa mkono wa nje. Kazi yake sasa ilikuwa kutouvuta. Haijawahi kumtokea kazi ngumu kama hiyo. Kila mshipa ulimwambia vuta.

Honi ikalia tena, ndefu, ya kuuliza. Breki zikapiga kelele. Kwa mbali, kwenye uwazi, kichwa cha treni kikachomoza na kusimama chini ya mkono ulionyooka, kikipumua moshi.

"Safi," alisema Kinyozi. Akaweka simu sikioni. "Nondo. Anza."

SAA 4:42

Walisubiri. Nzi alitembea kwenye kioo. Wenzo alitembea naye, hatua tatu kwenda, tatu kurudi.

"Bado?"

"Kufuli limetoka. Yumo ndani."

"Nauinamisha sasa?"

"Tulia."

"Watu wako juani mle ndani. Dereva atashuka kuja kuuliza. Nauinamisha?"

Kinyozi aliisogelea meza ya kengele, kile kisanduku cha mbao chenye kitufe cha shaba kilichochakaa kwa vidole vya miaka mingi. Kibanda na stesheni ya nyuma, ile ambako treni hutokea, vilizungumza kwa hicho. Reli ilikuwa moja tu, kwenda na kurudi. Treni ikishaingia stesheni salama, kibanda hupiga milio mitatu, na hapo tu stesheni ya nyuma huruhusiwa kuiachia treni nyingine.

Kinyozi alinyoosha kidole akapiga. Miwili. Akatulia kidogo. Mmoja.

Wenzo alisikia kabla hajaelewa. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, mtu huyu alimnyoa ndevu bure, wembe kooni, akiuliza polepole huku akipaka sabuni: na hiyo kengele mnapigaje? Na ukikosea inakuwaje? Alidhani ni maongezi ya kinyozi.

"Umefanya nini?"

"Nimewaambia treni imefika."

"Haijafika! Ipo pale! Nyuma yake kuna treni ya mizigo inasubiri, mabehewa thelathini ya saruji. Wataiachia!"

Kengele ya ukutani ikajibu, miwili, mmoja. Halafu, baada ya muda mfupi, ikauliza: mizigo, njia ni wazi? Kinyozi akarudia milio ileile aliyoisikia, kama mwanafunzi mzuri. Ndiyo. Njia ni wazi.

Mjomba akatoa sauti pale sakafuni, kama mtu aliyekanyagwa.

"Dakika kumi na sita," alisema Kinyozi. "Si ndivyo ulivyoniambia? Mpaka hapo Nondo na Usukani wameshaondoka. Sasa fikiria. Treni ikigongwa, behewa la mwisho linakuwa chapati. Nani ataulizia sanduku? Watatafuta watu."

"Wamo mia mbili mle ndani."

"Nimewagusa mimi? Na aliyekuwa kibandani ni nani? Mtu aliyefukuzwa kwa kusinzia, kavaa sare yake ya zamani. Hata mimi ningekushuku, shemeji. Mzee akisema lolote, watasema anamlinda mpwa wake."

Alifungua dirisha dogo la upande wa reli, akaingiza koleo, akakata waya wa mkono wa nje. Ulilia kama uzi wa gitaa ukikatika. Sasa mkono ule ungebaki umenyooka hata wenzo uvutwe na watu kumi. Akarudi nyuma hadi mlangoni, bastola ikiwatazama.

"Dada yangu," alisema Wenzo. "Utamwambia nini dada yangu?"

"Nitakulilia kwa sauti kubwa," alisema Kinyozi. Akatoka. Kufuli likabanwa kwa nje. Nyayo kumi na sita zikashuka, pikipiki ikanguruma nyuma ya banda la makaa.

SAA 4:47

Fundo lilikuwa limelegea. Mzee alikuwa ameshatoa mkono mmoja kabla Wenzo hajamfikia.

"Nipe miwani," alisema Mjomba. "Nipe karatasi za ruhusa, droo ya pili. Usilie, huna muda."

"Silii."

"Unalia. Droo ya pili."

Kioo kimoja cha miwani kilikuwa kimepasuka. Mzee alifumba jicho la upande huo, akaandika huku damu ikidondokea ukingoni mwa karatasi: saa, namba ya treni, ruhusa ya kupita mkono ulionyooka na kuingia stesheni njia ya kwanza. Akatia sahihi yake ndefu yenye mkia.

"Nitaipanga njia kwa nyenzo, hizo bado ni nzima. Wewe mpelekee dereva. Akishaingia ndani, mizigo itakuta mkono umenyooka na reli tupu, itasimama yenyewe."

"Na redio? Dereva wa mizigo ana redio."

"Kwenye mkato wa mlima haishiki. Unajua haishiki."

Alijua. Wenzo alichukua kiti akavunja dirisha kubwa. Mzee akamtupia bendera ya kijani.

"Mjomba, mimi..."

"Kimbia!"

SAA 4:49

Kutoka dirishani hadi chini ni kama mita nne. Alishika bomba la maji ya mvua, likang'oka naye katikati. Mguu wa kushoto ulitangulia na kukunjika kwa namna ambayo mguu haukunjiki. Kioo kilikuwa kimemchana mkono toka kiwiko mpaka kifundo. Alisimama. Akaanguka. Akasimama tena, akaanza kukimbia kwa kuruka, kama kuku aliyefungwa mguu mmoja, juu ya mataruma, mbao zinazobeba reli.

Nyuma yake stesheni masta alikuwa ametoka ofisini, anapiga kelele. Hakugeuka.

Mita mia nane. Zamani alizitembea kila wiki akipaka waya mafuta. Kokoto ziliteleza. Jua lilikuwa limepasha reli moto mpaka hewa juu yake ikacheza, na kichwa cha treni kikaonekana kinaelea, hakisogei karibu hata kidogo. Alihesabu mataruma ili asiufikirie mguu. Akapotea kwenye hesabu, akaanza upya. Alifikiria saruji. Alifikiria jinsi inavyokaa mifukoni, nzito, kimya.

SAA 4:56

Dereva alikuwa amekaa mlangoni mwa kichwa cha treni, miguu nje, anakula chungwa.

"Hatimaye!" alisema. "Mnafanya nini huko? Dakika kumi na..." Akanyamaza, akautazama ule mkono unaovuja damu, kisha uso. "Wewe si yule aliyefukuzwa?"

"Ndiye mimi. Waya umekatwa. Ingia stesheni sasa hivi."

"Mkono umenyooka, bwana. Siendi popote kwa bendera ya mtu aliyefukuzwa."

Wenzo akamkabidhi karatasi. Dereva aliishika kwa mikono miwili, akaisoma.

"Hii ni damu?"

"Ni ya mzee. Wamempiga. Mizigo imeachiwa nyuma yako. Imetoka saa nne na arobaini na tano."

Dereva alitazama saa yake. Alitazama tena sahihi, ule mkia wake mrefu, ambao kila dereva katika njia hiyo aliujua. Chungwa likaanguka.

"Sahihi ni ya mzee," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Akaruka ndani.

SAA 4:58

Treni ilishtuka, behewa moja baada ya jingine, mpaka mkiani. Wenzo hakupanda. Aliendelea kuchechemea kuelekea kona, kinyume na treni, madirisha yakipita juu ya kichwa chake yamejaa nyuso zilizochoka. Huko nyuma walikuwepo Nondo na Usukani, ambao hawakujua kitu.

Alipozunguka kona aliona pikapu imeegeshwa ubavuni mwa ghala, na Usukani kasimama kwenye ngazi yake. Behewa la vifurushi lilikuwa linamjia. Mlangoni alikuwa Nondo, ndiyo kwanza amelifukua sanduku chini ya magunia na kulikumbatia kifuani, kichwa kikigeuka huku na huku.

"Mbona inaondoka?" Nondo alifoka. "Wenzo! Mbona inaondoka?"

"Ruka! Mizigo inakuja nyuma!"

"Nini?"

"Katuuza! Kinyozi katuuza! Ruka!"

"Tupa sanduku!" alipiga kelele Usukani.

Nondo alilitupa. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, au yeye alikuwa ameshavunja bawaba zake kwa pupa ya kuchungulia ndani. Lilipiga ncha ya taruma likafunguka kama kinywa, na vito vya kampuni ya mgodi vikamwagika juu ya kokoto za reli, vikadunda, vikazama, vikatulia. Usukani akapiga magoti na kuanza kuchota. Kisha akasimamisha mikono. Vito ambavyo havijakatwa havina mng'ao wowote. Vilikuwa vya kijivu, vina vumbi, saizi ya punje na saizi ya kidole gumba. Kiganja chake kilikuwa kimejaa mawe, na hakujua ni yapi.

Nondo naye hakuruka. Yule askari, aliyekuwa amelazwa kifudifudi kati ya magunia ya barua, aliona mgongo na mlango ulio wazi na mtu asiye na silaha mkononi. Wenzo aliona mkono wenye sare ukizunguka ile shingo nene na kuivuta ndani. Behewa likapita nao.

SAA 5:01

Reli ikaanza kuimba. Usukani aliisikia pia. Treni ya mizigo ilitokea mkatoni, pua yake nyeusi, mabehewa yakifuatana nyuma yake kana kwamba hayataisha, na dereva wake akauona mkono umenyooka. Breki zililia mpaka Wenzo akaziba masikio. Ilipita pale mkia wa treni ya abiria ulipokuwa umesimama dakika tatu zilizopita. Ilipita juu ya vito. Ikaenda, ikaenda, ikasimama chini ya mkono wa nje, ikitetemeka.

Usukani alikuwa ameiegemea pikapu. Uso wake umebadilika rangi.

"Alijua?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeiita."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaingia ndani ya gari na kuwasha moto. Akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda, Wenzo. Daraja bado liko wazi. Twende."

Kiti kilikuwa pale, umbali wa hatua nne. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kamba za kiatu zimekaza.

"Nimemwacha mzee anavuja damu," alisema Wenzo.

"Watakufunga."

"Najua."

"Mjinga wewe," alisema Usukani, bila hasira, na kuondoka na mlango bado wazi, ukipigapiga. Hakuelekea darajani. Alishika njia ya vumbi ya nyuma ya ghala, ile ambako Kinyozi alipaswa kuwasubiri na pikipiki yake apokee mzigo.

Wenzo alisikia injini ikipanda. Akasikia kishindo kimoja, kifupi. Halafu pikapu ikaendelea na safari.

SAA 5:20

Jukwaa lilikuwa limejaa watu, mizigo na vumbi. Askari wawili walimpokea mwisho wa jukwaa, mmoja afande mwenye redio, na pingu zikafungwa juu ya damu iliyoanza kukauka. Hakubisha. Nondo alikuwa ameketi chini ya tao la kati, mikono nyuma, jicho moja limeziba. Alimtazama Wenzo akipitishwa.

"Angetuua?" aliuliza.

"Wewe angekuambia uwahi kutoka. Abiria ndio angewaua."

Nondo akatema mate pembeni.

Mjomba alikuwa kwenye benchi la mbao, kichwa kimezungushwa bandeji, stesheni masta kamshikia glasi ya maji. Afande alimsimamisha Wenzo mbele yake.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

"Mpwa wangu."

"Alikuwa mmoja wao?"

Stesheni masta alitazama chini. Hata afande alionekana kama anayempa mzee nafasi. Angeweza kusema hakuona vizuri, miwani ilikuwa imevunjika. Mzee aliweka glasi kando.

"Alikuwa mmoja wao," alisema. "Alikuja nao, akanifunga kwa mikono yake. Andika. Halafu andika kwamba aliruka dirishani na kukimbia mpaka kwa dereva kwa mguu huo. Andika yote mawili, na saa zake. Nitakutajia."

Mzee alinyoosha mkono, akamfunga Wenzo kifungo cha juu cha shati kilichokuwa wazi, akaurudisha mkono pajani.

Redio ya afande ikakoroma. Walimkuta mtu mmoja njia ya nyuma ya ghala, miguu yote miwili imevunjika, pikipiki imekunjwa kando yake. Anaongea bila kuulizwa. Anataja majina.

"Ametaja nani?" aliuliza afande.

"Shemeji yake, wa kwanza," ikajibu redio. "Anasema ndiye bosi wao."

Wenzo akacheka. Hakujua kicheko kimetoka wapi. Goti, lile zima, lilikuwa likicheza, na hakukuwa na meza ya kulizuia. Wakaanza kumwongoza kuelekea matao ya kutokea. Abiria wakawapisha, wengine wakiwa bado wanashusha magodoro na ndoo madirishani. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Walichojua ni kwamba treni imechelewa.

Mama mmoja mnene, kikapu kichwani na mtoto mgongoni, aliiona sare ya bluu kabla ya kuziona pingu. Akamkatizia njia.

"Nyinyi watu wa reli hamna haya! Dakika ishirini mmetuweka kwenye jua, na watoto! Hata neno hamsemi! Mnatuona sisi nini, magunia?"

Afande akafungua mdomo. Wenzo akamtangulia.

"Samahani, mama," alisema. "Tulichelewa kuwafungulia njia."

"Mlichelewa!" Mama akamwangalia kutoka juu hadi chini, akasonya, akamrekebisha mtoto mgongoni. "Haya. Na huo mkono kautie dawa."

Akapita zake kwenye umati, akimwita mtu wa kumbebea godoro.